Mtu Mmoja, Fishi Moja

Furaha, wewe unayekalia kiti changu sasa, umeniomba niandike kazi ya ofisi ya fishi, kadi za wagonjwa, kama nilivyoifanya, tangu siku ya kwanza. Nitajaribu. Vyeo nitaviruka. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilibaki kwenye kiti kilekile, mbele ya dirisha lilelile, watu walewale wakinigongea kioo. Nitasema yale tu yanayoweza kukusaidia Jumatatu asubuhi, mstari wa wagonjwa unapofika hadi kwenye geti.

Niliingia hospitali mwaka 1972, nikiwa na diploma ya usekretari, viatu vya kisigino, na imani kwamba kazi ya fishi ni kazi ya kungojea kazi nyingine. Mkubwa wa ofisi alikuwa Papa Lubala, muzee wa Mwenga, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Hakunipa mkono. Alinipa penseli.

"Kalamu ya wino utapata siku nitakuamini," alisema.

Ilichukua miezi minane.

Ofisi ilikuwa na makabati manne ya mbao, kila kabati droo ishirini na nne, na ndani ya kila droo fishi za karatasi ngumu zimesimama kama watu kanisani. Kila mgonjwa na fishi yake: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali anapokaa, na yote aliyotibiwa. Mgonjwa akija dirishani, unatafuta fishi yake, unamtuma nayo kwa daktari. Asipokuwa nayo, unamtengenezea mpya. Nikamwambia Papa Lubala kwamba nimeelewa.

"Apana, Maman Nsimire," alisema. "Kutengeneza fishi, hata mbuzi anaweza. Kazi yetu ni kukatala kutengeneza. Muntu moja, fishi moja. Fishi mbili kwa muntu moja ni ugonjwa ya ofisi, na ni mugonjwa njo anakufa nayo."

Nilidhani anatia chumvi. Wiki ya tatu ikanifundisha.

Huo ndio mwaka ambao majina ya ubatizo yalikatazwa. Kila mtu alitakiwa kubaki na jina la kizalendo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni aliweza kupata matatizo. Jean wakageuka Bisimwa, Marie wakageuka Nabintu. Redioni ilichukua siku chache. Kwenye makabati yetu manne ilikuwa kama mtu amefungua dirisha siku ya upepo mkali: watu walewale walirudi wakiwa na majina mengine, na sisi tukawaandika kama wageni.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja, mguu umevimba, homa inamtikisa. Nikamuuliza jina. Akasema Nzigire M'Cirhuza, yaani binti wa Cirhuza, kama wanawake wa Bushi wanavyoitwa. Anakaa Cimpunda.

"Ulishaka kuja hapa zamani, maman?"

"Apana. Ni mara ya kwanza."

Nikatazama droo ya N, nikatazama droo ya M, hakuna kitu. Nikamwandikia fishi mpya kwa dakika moja, mwandiko wangu mzuri wa diploma, nikamtuma kwa muuguzi. Niliona fahari. Papa Lubala alipita nyuma yangu, akasoma kile nilichoandika kwenye daftari la siku.

"Cimpunda," alisema. "Bwana yake anafanya kazi gani?"

"Masoni, Papa."

"Masoni ya vidole tatu?"

Nitajuaje? Niliinua kichwa nimwambie hivyo, lakini alikuwa ameshafika kwenye droo ya T. Alichomoa fishi moja kuukuu, akanisukumia mezani. Béatrice Tshiruza. Cimpunda. Mume fundi ujenzi wa vidole vitatu. Na juu, kwa penseli nyekundu, mistari miwili chini yake: PENICILLINE HAPANA. Miaka mitatu kabla, sindano moja ya penisilini ilikuwa karibu imuue.

Nilivua viatu, nikakimbia. Korido ile ni ndefu kuliko unavyofikiri unapoitembea na chai mkononi. Nilimkuta muuguzi ameshavuta dawa kwenye sindano, anaifukuza hewa kwa kidole, na yule mama amegeuza uso ukutani.

"Ngoja!" nilipiga kelele. "Ni penisilini? Ngoja!"

Muuguzi alisoma ile fishi kuukuu, akaweka sindano kwenye sahani polepole sana, kama mtu anayeweka yai. Alimpa dawa nyingine.

Papa Lubala alifika nyuma yangu akitembea, maana alikuwa na umri wa kutembea. Akainama karibu na yule mama.

"Maman, hapa hakuna serikali," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hapa kuko droo tu. Mupadri alikuita nani?"

Mama alitazama mlango kwanza. Kisha akasema, karibu bila sauti, "Béatrice."

"Asante. Sitaliandika. Nitalikumbuka tu."

Alipopona alituletea kikapu cha maracuja, matunda ya pasheni. Papa Lubala alikula sita, akanipa somo wakati wa kula. Serikali, alisema, imekataza jina kuitwa. Haijakataza jina kutafutwa. Kuanzia siku ile hatukuuliza tena "umeshakuja hapa?" kwa sababu mtu mwenye hofu hujibu hapana. Tuliuliza, "Nyumbani mama yako anakuita nani?" Kwa swali hilo kila mtu hutabasamu na kusema kweli.

Alinifundisha pia kutafuta kwa masikio. Mwalimu aliyesoma kwa Wabelgiji huandika Tshiruza, padri wa Katana huandika Cirhuza, karani wa komuni huandika Chiruza, na mwenye jina ni mmoja, anashangaa tu. Basi tukapanga upya: C, Ch na Tsh droo moja. R na L droo moja, kwa sababu nusu ya mji haizitenganishi na nusu nyingine hugombana juu yake. H baada ya R, iache. M' ya mbele, iache. Kazi hiyo ilituchukua miezi mitano, na kwa miezi hiyo vidole vyangu vilikuwa na rangi ya penseli hata siku ya misa.

Na kulikuwa na mzimu. Ndivyo Papa Lubala alivyokiita kile kipande cha karatasi ya bluu kinachowekwa mahali fishi ilipotoka, kimeandikwa imekwenda kwa nani. Usipoweka mzimu, mwenzako atakuta pengo, atadhani mgonjwa hana fishi, na atatengeneza ya pili. Wadaktari ndio walioongoza kwa kuzalisha mizimu. Fishi ikiingia kwenye mfuko wa koti jeupe, inaweza kukaa humo hadi koti lifuliwe.

Papa Lubala alipostaafu na kurudi Mwenga kulima, alinikabidhi rula yake na penseli nyekundu. Hakutoa hotuba. Alisema, "Usiharakishe," akaenda.

Niliharakisha. Hii sehemu naiandika kwa sababu uliniomba kweli, Furaha, si kwa sababu naipenda. Baada ya kupewa ofisi nilishikwa na homa ya usafi. Kila Ijumaa mchana nilitafuta fishi zinazofanana, nikazigandisha pamoja kwa gundi, nikafurahi kuona droo zinapungua unene. Nilikuta mbili za M'Bisimwa, bila jina lingine, wa Bagira, mtaa wa Kasha, barabara moja, zote mbili zimeandikwa "amezaliwa karibu 1950". Mtu mmoja, fishi moja. Nikatia gundi.

Miezi michache baadaye M'Bisimwa akaletwa kujifungua, damu inamtoka vibaya. Fishi yangu nzuri ilisema damu yake ni kundi A. Kule maabara alikuwa Papa Bahati, mtu mgumu ambaye hakuwahi kuamini karatasi ya mtu mwingine. Alipima tena mwenyewe. Kisha akaja ofisini kwangu na kichupa mkononi.

"Maman Nsimire, huyu mama amebadilisha damu?"

"Damu haibadiliki, Papa Bahati."

"Njo ile minasema. Fishi yako inasema A. Mie naona O."

Nilibandua gundi kwa kisu cha barua. Chini yake, kwenye fishi ya pili, ilikuwa imeandikwa O, na nilikuwa nimeifunika mwenyewe. Walikuwa ni wanawake wawili: dada, binti wa baba mmoja, wameolewa barabara moja, na hakuna aliyejua mwaka wake kamili wa kuzaliwa. Kama Papa Bahati angekuwa mtu wa kuamini, yule mama angewekewa damu ya kundi la dada yake, na sijui kama ningekuwa naandika haya.

Mama alipona, mtoto alipona. Nilikwenda kitandani kwake kumwomba radhi. Alicheka hadi akashika tumbo.

"Hata bwana yangu anatukosea, maman," alisema. "Weye na karatasi utatuweza?"

Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia kwenye chumba cha mafagio. Tangu siku ile kuna sheria ambayo sikuwahi kuivunja: fishi mbili haziunganishwi mpaka mwenyewe asimame mbele yako na akubali kwa mdomo wake.

Sasa tufike kwenye mashine. Miaka ya themanini ilikuwa imeshafika katikati wakati mradi mmoja wa afya ulipotuletea kompyuta, na pamoja nayo mtaalamu kutoka Kinshasa, Citoyen Mbuyi (citoyen, mwananchi, ndivyo tulivyotakiwa kuitana siku zile), kijana mrefu, mashati yamepigwa pasi, Kifaransa cha haraka, Lingala akichoka, na Kiswahili cha kuombea maji. Waliiweka kwenye chumba kinachotazama ziwa. Kwa hiyo mashine ilipewa chumba kizuri kuliko daktari mkuu. Tulijifunza kuitumia mimi na Maman Zawadi, mwenzangu aliyeandika kwa vidole kumi bila kutazama, na ambaye alilijua hilo.

Mbuyi alitengeneza fomu ya kwenye skrini: jina, mwaka wa kuzaliwa, komuni. Akatueleza kwa furaha kwamba matatizo yetu yamekwisha. Kama jina na mwaka vimeshakuwamo, mashine itakataa kuandika mara ya pili. Itasema EXISTE DÉJÀ, yaani yumo tayari, na italia "bip".

Siku ya kwanza ililia tangu asubuhi. Wanawake watano wa jina moja, wote wa "karibu 1950", walikataliwa kabla ya saa nne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenzake. Mstari ulifika getini, ukatoka nje, ukashuka na barabara. Siku ya tatu mashine ilinyamaza ghafla. Nilishukuru Mungu. Mbuyi alishukuru kazi yake.

Wiki mbili baadaye alituchapishia orodha nzima, karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Nikaisoma na rula, kama nilivyozoea. Nikaona Furaha Bisimwa, si wewe. Chini yake Furaha Bisimwa na nukta mbele. Chini yake Furaha Bisimwa na nukta mbili. Wa mwisho alikuwa na nukta nne.

"Maman Zawadi," niliita, "hizi nukta ni ukoo gani?"

Hakuona hata haya. "Mashini ikikatala, ninatia nukta. Inaitika. Watu iko wanangoja, maman, mie nifanye nini?"

Baadhi ya wale wenye nukta walikuwa watu tofauti kweli. Baadhi walikuwa mtu yuleyule aliyerudi na kikohozi kilekile. Ndani ya wiki mbili fomu ya kuzuia marudio ilikuwa imetuzalishia marudio mengi kuliko makoti yote ya wadaktari.

Nilipeleka karatasi kwa Mbuyi. Aliitazama, akavuta pumzi.

"Shida ni Maman Zawadi," alisema. "Mashini haikosei."

"Citoyen, fomu yako inauliza swali mbaya, kisha inafunga mlango. Muntu akifungiwa mlango anapita dirisha."

"Basi ninaongeza tarehe kamili ya kuzaliwa. Siku na mwezi."

"Kesho ukae mie pahali yangu," nikamwambia. "Asubuhi moja tu. Uwaulize weye mwenyewe siku na mwezi."

Alikuja. Lazima nimpe sifa hiyo: alikuja na kalamu mbili. Mama wa kwanza alipoulizwa tarehe yake ya kuzaliwa alijibu, "Ni mwaka ile maji ilibeba daraja yetu." Wa pili alimgeukia jirani yake kwenye mstari akamuuliza yeye. Wa tatu, bibi wa kutoka Kabare, alimtazama Mbuyi kwa huruma na kumwuliza kama kwao mtoto huzaliwa anasoma kalenda. Kufikia saa nne Mbuyi alikuwa amefungua kifungo cha shati.

"Maman, oyo makasi," alisema kwa Lingala. Hii ni ngumu. Kisha akacheka, na kutoka pale tukawa marafiki. "Sema. Papa Lubala alikuwa anafanya namna gani?"

Tulikaa wiki tatu. Mimi nilimwambia sheria za masikio, yeye akazigeuza kuwa lugha ya mashine: C na Tsh kitu kimoja, R na L kitu kimoja, nukta na alama zote zitupwe kabla ya kutafuta. Fomu mpya haikukuruhusu kuandika mtu kabla hujamtafuta. Iliuliza jina la mama kwanza, kwa sababu jina la mama serikali haikuwahi kuligusa, na mtu hulisema bila hofu. Kisha ilikuonyesha wote wanaofanana, ikauliza: je, ni mmoja wa hawa? Haikukataa, haikulia, haikuunganisha kitu. Ilikutaka umgeukie mtu aliye mbele yako na kumwuliza. Ukijibu hapana, ndipo ilipotoa namba mpya, na namba hiyo iliitoa yenyewe ili sisi tusipate la kubuni. Maman Zawadi alijaribu nukta siku ya kwanza. Mashine ilizimeza. Akaniangalia, akasema, "Sawa. Munanishinda."

Nitakuambia moja tu la fomu hiyo, nimalize.

Ilikuwa mwezi wake wa pili. Alikuja mama mmoja wa Cimpunda, muuza samaki, ana zaidi ya miaka thelathini, macho yanamuuma. Jina lake Wabiwa Kitoga. Jina la mama: Bitondo. Amezaliwa kijiji kimoja cha Mwenga, karibu na mto Elila. Nilitafuta. Skrini ikanionyesha mmoja: Kitoka, Mapenzi, mama Bitondo, amezaliwa Mwenga, kijiji hichohicho, anakaa Kasha, alijifungua hapa miezi minne iliyopita. Kitoga, Kitoka. Nikaona makosa ya karani.

"Maman, kuna watu wanakuita Mapenzi?"

Alishika ukingo wa dirisha.

"Nani alikuambia ile jina?" akauliza.

"Iko hapa ndani. Si weye?"

"Mapenzi ni mudogo wangu." Mwaka wa 1964 aliutaja kwa Kifaransa. "Alipotea mu vita, soixante-quatre. Nilikuwa na miaka kumi, yeye sita. Alikufa."

Nilitazama tena skrini. Nimewahi kukosea kwa haraka, unajua tayari. Sikumwambia kwamba anakaa Kasha. Nilimwambia tu kwamba mwenye jina hilo analeta mtoto kupimwa uzito kila Alhamisi, na kwamba nitamwuliza kwanza kama anataka kuonana na mtu. Fishi ya Wabiwa sikuiandika bado. Niliacha jina lake kwa penseli kwenye daftari. Nilimtuma muuguzi wa watoto na swali, na jibu likarudi siku ileile: Mapenzi anataka.

Alhamisi Wabiwa alikuwa getini kabla ya mlinzi, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Saa tatu Mapenzi akaingia koridoni na mtoto mgongoni. Walisimama hatua mbili mbali. Hawakutambuana, na niliona hofu ikiwashika wote wawili, kwamba labda nimewakosea.

Mapenzi ndiye aliyesema kwanza.

"Uliniambia nikae pale kwa jiwe. Ulisema unaenda kutafuta maji, utarudi."

"Nilirudi," alisema Wabiwa. "Nilirudi mbio. Haukuwa pale."

"Nilisikia njaa. Niliona ndizi mbele kidogo tu. Nilienda mbele kidogo."

Hapo Wabiwa akaketi chini, palepale kwenye saruji, na kitenge chake kipya, na mdogo wake akaketi naye. Mstari mzima ukavunjika. Akina mama wakapiga vigelegele bila kujua ni kwa nini, kisha wakaambiwa, wakapiga tena. Familia ya wafanyabiashara wa Katana ilikuwa imemlea Mapenzi. Wabiwa alikulia Kamituga kwa shangazi. Kwa miaka miwili walikuwa wameishi mji mmoja, wakinunua unga kwenye soko moja. Mbuyi alisimama mlangoni, shati lake limepigwa pasi, akijifuta uso kwa karatasi ya mashine yenye matundu.

Kazi ilikuwa bado. Nilirudi kwenye kiti nimwandike Wabiwa, maana macho yake yalikuwa bado yanauma na daktari alikuwa anangoja. Mapenzi alikuja kusimama nyuma yangu, mtoto akivuta nywele zangu. Niliandika Bitondo, niliandika Kitoga. Skrini ikaonyesha jina la Mapenzi tena na kuuliza, kama tulivyoifundisha: je, ni mtu yuleyule?

Mapenzi alikuwa amesoma kidogo. Alifuata maneno kwa kidole hadi mwisho, kisha akanigusa bega.

"Andika apana, maman," alisema. "Andika tuko wawili."